Anga isiyo na michirizi: mandhari ya Wainuit kwa penseli za rangi

Swali: Nafundisha sanaa katika shule ya sekondari jijini Tanga. Nimeona mtandaoni michoro ya mandhari ya Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, iliyochorwa kwa penseli za rangi: anga kubwa, mstari wa barafu, nyumba mbili tatu, basi. Nimejaribu anga ya namna ile na wanafunzi wangu. Inatoka na michirizi, na theluji inaonekana kama karatasi tuliyosahau kuimalizia. Wenzetu wanafanyaje? Na je, hii ni sanaa yao ya asili au wameiga kwa Wazungu?

Jibu: Mwalimu, shida zako mbili hazina chanzo kimoja. Michirizi inaletwa na karatasi, penseli na mkono. Theluji inayofanana na karatasi tupu ni kosa la macho, na hata ukinunua penseli za bei mbaya kosa hilo litabaki palepale. Tuanze na hilo, maana ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi.

Kwa maelezo yako, michoro hiyo inaelekea kuwa ya Kinngait, mji mdogo uliopo kwenye kisiwa kidogo kusini-magharibi mwa Kisiwa cha Baffin, katika Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada. Hadi 2020 jina lake rasmi lilikuwa Cape Dorset. Upo kwenye latitudo ya nyuzi 64 Kaskazini, na namba hiyo inaeleza nusu ya unachokiona kwenye picha. Karibu na tarehe 21 Machi jua la adhuhuri Tanga linakuwa karibu utosini. Kinngait, siku hiyohiyo, linapanda nyuzi 26 tu kutoka upeo wa macho. Mtu wa mita 1.7 anatupa kivuli cha takribani mita 3.5 saa sita mchana. Kwenye siku fupi za Desemba jua linapanda nyuzi mbili na kitu, na kivuli cha mtu huyo kinakaribia mita 40.

Maana yake, mwanga unaipiga theluji kutoka ubavuni. Kila tuta lililochongwa na upepo lina upande wa jua na upande wa kivuli. Upande wa jua una umanjano au uwaridi kidogo. Upande wa kivuli hauoni jua, unaoneshwa na mwanga wa anga peke yake, ndiyo maana unakuwa wa samawati, wakati mwingine samawati iliyokolea kuliko unavyothubutu kuipaka.

Sasa turudi kwa wanafunzi wako. Nakisia walipaka anga rangi hafifu, wakaacha chini peupe kabisa. Ni kosa la kueleweka kwa mtu wa Pwani. Kwetu anga ndiyo yenye mwanga kuliko kitu kingine kwenye picha, na minazi, mapaa na udongo vyote vina kiza kuliko anga. Juu ya theluji mpangilio unageuka: siku ya jua theluji ndiyo inayong'aa kuliko vyote, na anga, hata pale inapofifia karibu na upeo, bado ina kiza kuliko theluji iliyopigwa jua. Mchoraji akiifanya anga hafifu mno, theluji inakosa cha kuishindanisha nayo, na jicho linaona karatasi tu.

Tiba yake ni mbili kwa pamoja. Kwanza kolezeni anga, hasa kipande cha sentimita moja kinachogusa upeo. Hapo ndipo weupe wa theluji unapozaliwa. Pili, msiache theluji yote nyeupe. Karatasi tupu iachwe sehemu chache tu, kwenye migongo ya matuta inayotazama jua, na sehemu kubwa iliyobaki ipate tabaka moja au mawili mepesi sana ya samawati, kijivu au zambarau. Kabla ya kuanza, chora miraba mitatu ya sentimita tatu pembeni mwa karatasi: mmoja wa anga, mmoja wa theluji yenye jua, mmoja wa theluji ya kivulini. Fumba macho nusu uitazame. Miraba miwili ikionekana sawa, picha nzima itakwama, na ni nafuu kujua hilo kwenye miraba kuliko baada ya saa tano za kazi.

Siku ya mawingu ni habari nyingine kabisa. Vivuli vinapotea, theluji na anga zinakuwa rangi moja, na mstari wa upeo unaweza kufutika usiuone. Hapo mchoraji anayeijua nchi anakuwa na alama nyingine za kushika. Mojawapo ni tumbo la mawingu: juu ya maji yasiyoganda linakuwa jeusi, juu ya barafu linakuwa jeupe, na wasafiri wa barafuni hulisoma ili wajue maji yako wapi kabla hawajayaona. Kwa hiyo ukikuta doa la kijivu kizito chini ya wingu kwenye mchoro wa huko, usidhani mkono ulichafua karatasi.

Jambo la mwisho la macho ni umbali. Tunawafundisha watoto kwamba mlima wa mbali uwe wa samawati na uwe na ukungu. Usambara ukiitazama kutoka Tanga ndivyo ilivyo, kwa sababu ya unyevu uliomo hewani. Kaskazini kule, siku kavu ya baridi, hewa haina mvuke wala vumbi la kutosha. Kilima cha kilomita kumi kinaweza kuwa na ukingo mkali sawasawa na jiwe lililo mbele yako. Tena hakuna miti, kwa hiyo jicho halina kipimo cha kulisaidia kukadiria. Mtu wa nje huona picha hizo kuwa bapa, akasema msanii hajui kina cha picha. Hewa yenyewe ndiyo iko hivyo.

Michirizi sasa. Hatua nitakazokupa ni za penseli za rangi popote pale duniani. Kila msanii wa Kinngait ana mkono wake na sitajifanya kwamba wote wanafuata kanuni moja.

Karatasi kwanza. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 haifai hata kwa mazoezi ya anga. Ukiikuza, uso wa karatasi ni milima na mabonde, na rangi ya penseli inakwama kwenye vilele ikijaza mabonde polepole. Fotokopi haina mabonde ya maana, kwa hiyo tabaka la tatu linateleza tu. Tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, yenye kuparuza kidogo ukipitisha kucha. Ikiparuza mno, kama ile ya rangi za maji, utapata vidoti vyeupe anga nzima na vitakutesa.

Penseli za boksi la bei rahisi zina rangi kidogo na udongo mwingi, ndiyo maana zinachora michirizi hata ukijitahidi. Usinunue boksi jipya la penseli 36 ambazo 30 kati yake hazitaguswa. Nunua penseli nzuri za nta moja moja: samawati hafifu, bluu iliyokolea, waridi hafifu, kijivu cha baridi na nyeupe. Darasa zima linaweza kuzungushiana seti nne au tano.

Mstari wa upeo usiuchore kwa penseli ya risasi. Risasi inachanganyika na rangi hafifu na kuacha uchafu wa kijivu usiofutika. Uchore kwa samawati hafifu yenyewe, kwa uzito wa mkono usiokandamiza karatasi, maana ukiikandamiza unachimba mfereji, na kila tabaka litakalofuata litauonesha kwa ukaidi.

Kisha paka kuanzia rangi hafifu kwenda nzito. Waridi au krimu karibu na upeo, ukipanda nayo hadi theluthi ya anga huku ukipunguza uzito mpaka iishe yenyewe. Samawati hafifu kutoka juu hadi chini, ikipita juu ya waridi. Bluu iliyokolea kutoka juu hadi katikati. Halafu rudia, bila kusahau kukikoleza kile kipande kinachogusa upeo. Anga nzuri ina matabaka matano hadi manane, na kila tabaka peke yake linaonekana halifanyi kitu. Mwanafunzi akiona tofauti kubwa baada ya tabaka moja, amekandamiza.

Michirizi yenyewe ina vyanzo vitatu. Kimoja ni ncha butu: chonga kila baada ya dakika chache na zungusha penseli robo mzunguko kila mara ili isipate upande bapa. Cha pili ni kupaka kwa mafungu yenye kingo zilizonyooka. Mkono hufika mwisho wa mwendo wake, tuseme sentimita nne, unasimama, kisha unaanza fungu lingine pembeni. Pale mafungu mawili yanapokutana rangi inapigwa mara mbili, na ndiyo ile milia unayoiona. Acha kingo za fungu zikiwa na meno yasiyolingana, fungu linalofuata liingie katikati ya meno hayo. Cha tatu ni kupaka matabaka yote kwa mwelekeo mmoja. Tabaka la kwanza liwe la mlalo, la pili mshazari, la tatu viduara vidogo kama nusu sentimita. Karatasi izungushwe, mkono ubaki katika mwendo wake wa kawaida.

Vumbi la penseli ndilo adui mkubwa wa theluji. Chembe moja ya bluu iliyokolea ikikandamizwa na kiganja kwenye sehemu nyeupe inakuwa mstari, na ufutio unaitandaza zaidi. Weka karatasi safi chini ya mkono, pakeni anga nzima kabla ya kugusa theluji, na pangusa kwa brashi laini. Usipulize kwa mdomo. Tone moja la mate kwenye nta ni doa.

Mwishoni, ukitaka anga laini, sugua juu yake kwa penseli nyeupe, sasa kwa nguvu. Hapo mabonde ya karatasi yanajaa na rangi zinaungana. Ni hatua isiyorudi nyuma: baada yake karatasi haipokei tena tabaka lolote. Wanafunzi wengi huifanya mapema kwa kukosa subira, kisha hulalamika kwamba penseli imegoma.

Kwa Tanga ongezea mambo mawili. Joto hulainisha nta, rangi inashuka nzito kuliko mkono ulivyokusudia, kwa hiyo anga ipakwe asubuhi. Na baada ya siku kadhaa mchoro wenye nta nyingi huweza kuota ukungu mweupe kwenye sehemu zenye kiza. Hiyo ni nta iliyopanda juu, si kuvu. Ifute taratibu kwa kitambaa laini cha pamba. Kuvu halisi huja kwa sababu ya unyevu, kwa hiyo hifadhi michoro ikiwa imelala kati ya karatasi zisizo na asidi, mbali na ukuta wa nje.

Kwa ukubwa, karatasi za kawaida za studio ya Kinngait ni za takribani sentimita 50 kwa 65. Tangu miaka ya 2000 zimekuja pia kubwa zenye upande unaozidi mita mbili, nazo zilibadilisha mambo, hasa kwa Tim Pitsiulak (1967–2016), aliyechora nyangumi na mitambo mizito kwa penseli hizohizo. Wewe usianze huko. Anga ya karatasi A3 inakula saa nyingi. Darasani A5 inatosha.

Ulichouliza kuhusu asili na kuiga hakina jibu la neno moja. Karatasi na penseli zililetwa, hilo halina ubishi. Kuchora nchi kwa usahihi hakukuletwa. Mwaka 1822 mwanamke wa Kiinuit aitwaye Iligliuk aliwachorea mabaharia wa Kiingereza wa msafara wa mpelelezi William Parry ramani ya pwani ambayo wao walikuwa hawajaifikia. Mwaka 1885, mashariki mwa Greenland, Mwinuit aitwaye Kunit alimpa mpelelezi wa Denmark, Gustav Holm, ramani za pwani zilizochongwa kwa mti, zenye kila ghuba na rasi ikiwa imetokeza kwenye ukingo wa ubao. Hao walikuwa watu wenye nchi yao kichwani, na uhai wao ulitegemea kuijua hivyo.

Kilichokuwa hakipo ni mandhari kama picha ya kutazamwa, yaani mtu akisimama mahali pamoja na upeo ukiwa mbele yake. Uchapaji wa picha ulipoanza Kinngait mwaka 1957 kwa msukumo wa msanii wa Kanada, James Houston, na ushirika wa wasanii ukasajiliwa 1959, wasanii walilipwa kwa michoro waliyoileta, na baadhi yake ikachaguliwa kuchapwa. Michoro ile ya mwanzo ina ndege, wawindaji, sili na mahema vikielea kwenye karatasi nyeupe, bila mstari wa ardhi. Kule Baker Lake, mji mwingine wa Nunavut, Luke Anguhadluq (1895–1982) aliizungusha karatasi akichora, ikatokea picha yenye watu wanaotazama kutoka pande zote. Mandhari ilikuja polepole. Pudlo Pudlat (1916–1992) ni mmoja wa walioifungulia njia: vilima, ghuba, na juu yake ndege na helikopta, kwa sababu ndivyo vitu vilivyokuwa vimeingia angani kwao. Jumba la taifa la sanaa la Kanada mjini Ottawa lilifanya maonyesho ya michoro yake mwaka 1990.

Lakini hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 soko liliiona michoro kama malighafi ya chapa tu. Mabadiliko yalikuja na Annie Pootoogook (1969–2016), aliyechora sebule, televisheni na jikoni, akashinda Tuzo ya Sobey, tuzo kubwa ya sanaa ya Kanada, mwaka 2006. Hakuwa mchoraji wa mandhari, ila baada yake watu walianza kuitazama penseli ya rangi kama kazi iliyokamilika.

Anga unayoisema wewe inanikumbusha zaidi Itee Pootoogook (1951–2014). Alikuwa seremala aliyejenga nyumba, na ukijua hilo utaona kwa nini kuta na paa zake zimenyooka vile. Alichora kwa kutumia picha alizopiga mwenyewe kwa kamera. Wapo wanaoona kamera imeharibu uasilia. Mimi naona ni malalamiko ya watu wanaotaka msanii wa Kaskazini abaki ndani ya iglu, kibanda cha theluji, kwa faida yao. Kwa sababu hiyohiyo nayachoka maandishi yanayosifu ukimya na utupu wa michoro hii. Tazama tena: kuna matenki ya mafuta, nguzo za umeme, pikipiki za theluji zilizoegeshwa, njia ya lori la maji.

Nyumba pia ni mtihani. Wanafunzi wako, nina hakika, wamezikalisha chini. Nyumba za kule husimama juu ya miguu, kwa sababu ardhi ya chini imeganda daima na joto la nyumba likiifikia huiyeyusha na jengo kutitia. Chini ya sakafu kuna uwazi, na uwazi huo, pale theluji haijaujaza, ni mstari wa kiza. Uchore huo mstari mwembamba wa bluu iliyokolea chini ya ukuta, milimita mbili kwa nyumba ya sentimita tatu, na nyumba itasimama mahali pake mara moja. Usitumie nyeusi, nyeusi inatoboa shimo kwenye theluji.

Ukitaka wanafunzi waone kwamba mandhari ya Wainuit haiishii kwenye upeo, watafutie michoro ya mwanzo ya Shuvinai Ashoona, aliyezaliwa 1961, wa miaka ya 1990. Ni ya kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, nchi ikitazamwa kutoka juu, miamba imejaa hadi ukingoni mwa karatasi, hakuna anga kabisa. Baadaye kazi zake ziliingia kwenye ndoto na viumbe vya ajabu, na katika Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa nchini Italia, mwaka 2022 majaji walimtaja kwa heshima. Ile ya mwanzo ndiyo inayofundisha zaidi. Zoezi lake ni rahisi: kalamu ya 0.1 au 0.2, karatasi ya sentimita 15, mawe tu. Acha uwazi wa nusu milimita kati ya jiwe na jiwe, na tia mistari ya kivuli upande mmoja pekee kwa mawe yote. Kinachoharibika kila mara ni ukubwa: mkono ukichoka unachora mawe sawasawa kama shanga. Waambie kila jiwe liwe dogo au kubwa kuliko jirani yake angalau mara mbili. Tena mawe yawe na pembe, kwa kuwa maji huingia kwenye nyufa, huganda na kupasua mwamba. Ya mviringo yawekwe ufukweni tu.

Wanafunzi wakishajua mbinu, waitumie kwa upeo wanaoujua, bahari ya kwenu maji yakiwa yamekupwa. Wasichore inuksuk, zile alama za mawe yaliyopangwa, na iglu kisha wakaziuza kama kitu cha kule. Wainuit wana alama ya kulinda kazi zao, Igloo Tag, tangu 1958, na tangu 2017 inasimamiwa na taasisi yao wenyewe, Inuit Art Foundation.

Unapotafuta mifano mtandaoni, hifadhi ya michoro ya Kinngait iliyoko kwenye jumba la sanaa la McMichael, Kleinburg, Ontario, inafaa sana, maana ina takribani michoro 100,000 ya kati ya 1957 na 1990. Kwa kazi za karibuni tafuta majina niliyokutajia, na la Nicotye Samayualie. Ila soma maelezo chini ya picha kabla ya kuipeleka darasani. Ukiona namba kama 14/50 kando ya sahihi, hiyo ni chapa: anga yake ni wino uliosambazwa kwa rola kwenye jiwe lililochongwa, au chapa ya litografia, yaani picha iliyochorwa kwenye jiwe au bamba bapa kisha ikachapwa, na mwanafunzi anaweza kuhangaika na penseli muhula mzima akitafuta ulaini ambao penseli haikuufanya.